Kinyago cha mchezo na makuta ya kweli

Vijana wetu wengi leo wanacheza, kwenye telefone ao ordinateri, michezo ambamo watu wa inchi mbalimbali wanakutana kupitia intaneti. Ndani ya mchezo mtu anapata panga, nguo, dhahabu, hirizi. Hakuna anayeweza kushika vile vitu na mkono. Lakini kuna wanaoviuza, na anayenunua analipa dolari za kweli. Wazazi wakisikia wanacheka: «Banauziana upepo!» Sisi tunaona hii maneno si ya kucheka. Inatuuliza swali ambalo wazee wetu walilijua: kitu gani kinafaa kuuzwa, na kitu gani kikiuzwa kinakufa?

Tuanze na wale wanaosema ni upepo. Katika mwaka 2007, kule Leeuwarden, katika Uholanzi, vijana wawili walimpiga mwenzao wa miaka 13 na kumtisha na kisu, mpaka akawaachia hirizi na kinyago alivyokuwa navyo ndani ya mchezo unaoitwa RuneScape. Mashtaka yalipanda mpaka kwenye tribinali ya juu kabisa ya ile inchi. Tarehe 31 Januari 2012 waamuzi walisema: ule ni wizi. Sababu yao ilikuwa wazi. Mtoto alitoa wakati wake na nguvu zake ili apate vile vitu, na yeye peke yake ndiye alikuwa na mamlaka juu yavyo mpaka aliponyang'anywa.

Kule Shanghai, katika China, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtu moja alimwachia rafiki yake panga la mchezo kwa muda. Rafiki akaliuza kwa yuan 7 200. Mwenye panga alikwenda kwa polisi, akaambiwa kwamba sheria hailindi kitu cha namna ile. Alimuua mwenzake, na katika mwaka 2005 tribinali ikamhukumu. Hatumpi haki hata kidogo, juu damu ya mtu haina bei. Lakini tuone jambo moja: ile hasira haikuzaliwa na upepo. Ilizaliwa na jasho.

Basi, kama ni jasho, juu ya nini mtu asiliuze? Mwalimu anauza jasho lake, na mchimbaji vilevile. Wakati feza ya Venezuela ilipoanguka, watu wa kule walianza kushinda siku nzima ndani ya RuneScape wakiua majoka ya kijani, ili wauze dhahabu ya mchezo na kupata dolari za kununua chakula. Kanuni za ule mchezo zinakataza biashara hiyo. Katika mwaka 2017 mchezaji mwengine aliandika hata maelekezo ya namna ya kuwawinda Wavenezuela ndani ya mchezo. Tuulize: nani ana kosa kubwa? Ni yule anayevunja kanuni juu ya njaa, ao yule anayefanya njaa ya mwenzake kuwa mchezo? Sisi wa inchi ambamo mtu anaamka bila kujua atakula nini, hatuna jiwe la kumtupia wa kwanza.

Lakini kila soko iko na watu wawili, na mpaka hapa tumemwangalia muuzaji tu. Mnunuzi anatafuta nini? Hapa Warega wanaweza kutufundisha. Kule Shabunda, Mwenga na Pangi, Bwami ilikuwa masomo ya maisha yote. Mtu alipanda cheo baada ya cheo, na kweli alilipa: alitoa musanga, ile feza ya makombe, alitoa mbuzi na nyama ya pori. Lakini malipo yalifungua mlango tu. Ilimpasa awe na jamaa wanaomkubali, na mwenendo mwema. Afundishwe mezali, michezo ya ngoma na maana ya vitu. Ndipo alipopewa kinyago kidogo cha mti, ao, akifika cheo cha kindi, sanamu ya pembe ya tembo. Kile kitu kilikuwa shahidi: huyu mtu amepita njia.

Katika mwaka 1948 serkali ya wakoloni ilikataza Bwami, na vinyago vingi vilikwenda Ulaya. Leo tajiri wa kule anaweza kununua kinyago cha Warega kwa bei kubwa na kukitundika kwenye ukuta. Kinyago ni cha kweli. Lakini tajiri hakuwa mwami. Alinunua shahidi, lakini shahidi hana la kusema juu yake.

Ni vilevile kwa kijana anayenunua panga la dolari. Watengenezaji wa mchezo Diablo III walifungua wenyewe soko la makuta ya kweli ndani yake katika mwaka 2012. Tarehe 18 Machi 2014 walilifunga. Walisema lilikuwa linaharibu moyo wa mchezo, ndio kupigana ili kujipatia vitu. Wafanyabiashara wenyewe waliona kwamba kuna mali inayokufa ikiuzwa.

Mtu atasema: «Mchezo ni mchezo tu, muache mtoto afanye anavyotaka.» Hatukubali. Mtoto anayezoea kununua ushindi atafika kwenye mitihani na kuuliza bei ya pwe. Kesho atauliza bei ya diploma, na kesho kutwa bei ya kiti. Hayo tunayaona katika inchi yetu, na hayakuanza na intaneti. Mchezo unayaonyesha tu wazi.

Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Kazi ya mtu inaweza kulipwa, hata kama matunda yake hayashikiki, na anayeiba matunda yale ni mwizi. Lakini heshima ya kushinda haina bei, sababu inahama pamoja na njia, haihami pamoja na kitu. Mzazi akimkuta mtoto na panga jipya ndani ya telefone, asimpigie kelele. Amuulize tu: «Hii, ulipita wapi ili uipate?»