Uchovu wa Wafanya Kazi wa Viwandani



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Alfajiri misikitini huonekana kijana aliyetoka zamu ya usiku kiwandani, ameegemea nguzo, na kichwa chamwanguka kwa usingizi. Wazee humtazama wakasema: "Vijana wa siku hizi ni wavivu, hata mbele ya Mola wao hulala." Neno hili ni jepesi ulimini, lakini ni zito katika mizani ya haki. Kabla ya kumhukumu mtu kwa uvivu, yatupasa tuulize ni kitu gani kilichomchosha.

Kwanza ni usiku wenyewe. Katika Sura An-Nabaa, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba usingizi ni neema ya mapumziko, na kwamba usiku una kazi yake na mchana una kazi yake. Matabibu nao wameeleza kuwa mwili una saa yake ya ndani: joto lake hushuka mno karibu na saa kumi ya usiku, na hapo akili hulegea. Alalaye mchana hapati usingizi kama wa usiku, kwa sababu ya mwanga, joto na makelele ya mtaa. Na zamu zikigeuzwa ovyo, juma hili mchana na juma lijalo usiku, mwili haupati nafasi ya kuzoea.

Pili ni urefu wa saa. Mwaka 1919 Shirika la Kazi la Ulimwengu, katika mkataba wake wa kwanza, liliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma. Lakini wapo wafanyao saa 12, wala si kwa kupenda, bali kwa kuwa ujira wa saa 8 hautoshi kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Tatu ni mahali pa kazi: joto la pwani likaongezwa joto la mitambo, kishindo kisichonyamaza, kusimama kutwa, na kukariri tendo moja mara elfu. Nne ni yale ya nyumbani. Mama hutoka kiwandani akaingia jikoni. Kijana naye, badala ya kulala, hukaa barazani akitafuna miraa. Miraa humfukuza usingizi, lakini deni la usingizi hailipi.

Na hatari yake ni kubwa. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wake sawa na mtu ambaye damu yake ina pombe kiasi cha 0.05 kwa mia. Tafakarini, ndugu zangu! Sisi tunaoharimisha ulevi, twamweka ndugu yetu mbele ya msumeno na hali yake ni kama ya mlevi! Hatusemi kuwa hukumu zao ni moja, kwani mlevi amejitakia, na huyu amelazimishwa na njaa.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamuru mwenye kusinzia katika sala alale kwanza, asije akakusudia kuomba maghufira kumbe ajiapiza. Hii si rukhsa ya kuiacha faradhi. Lakini ikiwa mwenye usingizi amehofiwa ulimi wake katika sala, je, hatutahofia mkono wake katika mtambo?

Tena Abu Dharr (R.A.) amepokea makatazo ya kuwabebesha walio chini ya mikono yetu kazi iwashindayo, na amri ya kuwasaidia tukiwabebesha. Hayo yalisemwa juu ya watumwa. Basi muungwana aliyeajiriwa ana haki zaidi.

Basi wewe tajiri, mpe mtu wako maji, nafasi ya kupumzika, na zamu inayojulikana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imempa mapumziko ya siku 1 katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Mwenye kuyapunguza hayo, kisha akaketi safu ya kwanza siku ya Ijumaa, na ajihisabu kabla hajahisabiwa.

Nawe mfanya kazi, kumbuka nasaha ya Salman kwa Abu Dardai, aliyekuwa akikesha kwa ibada: mwili nao una haki yake. Ulale upatapo nafasi. Nanyi majirani, punguzeni redio mlangoni pa mtu aliyekesha.

Na wewe mzee uliyemwona kijana akisinzia, usimkemee. Sala ikiisha, mwonyeshe pembe yenye kivuli akajilaze, kisha mwulize habari za kazi yake. Huenda ukajua mengi usiyoyajua.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu na huruma. Wabillahi tawfiq.