Kila Mtu na Hesabu Yake

Someni Warumi 14:12. Wataalamu wa siku hizi hupima eneo la ardhi na maji litoalo riziki ya mtu, nao huliita unyayo wake. Fungu la kila mwanadamu ni kama hekta 1.5. Mmarekani, kwa wastani, hutumia zaidi ya 7; Mtanzania hutumia 1 na kidogo. Tena sangara wa Musoma akiliwa Ulaya, huhesabiwa mlaji, wala si mvuvi. Walakini tusijisifu: mkaa uwakao mekoni mwetu, Bunda na Butiama, ni hesabu yetu wenyewe. Basi, mwenye kingi apunguze, na kila akataye mti apande mwingine, kabla Mwenye shamba hajatuuliza.