Je, Tuwazuie Wanaoziuliza Mila za Wazee?

Huku Bondeni wako watoto wa baba mmoja, waliobatizwa tangu uchanga, ambao siku hizi huwauliza wazee habari za mila zilizokatazwa kanisani. Wengine husema, "Wamerudi gizani." Je, ndivyo?

Twajua kwamba wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika Unyakyusa mwaka 1891. Walikataza mengi, lakini jina la Kyala hawakulitupa. Zamani wazee walimtolea Kyala sadaka pangoni kando ya ziwa; nasi kwa jina lilo hilo twamwomba Mungu kwa Kinyakyusa. Basi si kila neno la wazee lilikuwa giza.

Lakini tusisifu yote. Wazazi wa mapacha walitengwa kibandani, kwa kuwa watu waliwaogopa. Tena kwa ajili yao jamaa wote walikusanyika kutimiza desturi. Hofu ile Kristo ameiondoa; je, alituamuru na jamaa kuwatawanya?

Kwa hiyo, enyi waalimu, tusiwafukuze ndugu hao. Tuketi pamoja nao mbele ya wazee, tusikie yote, ndipo tupambanue. Asiyeijua mila hawezi kuikataa kwa haki, wala kuipokea kwa haki.