Msikilizaji Kwanza, Modi Baadaye

Wajukuu zangu wa Nakuru, Njoro na Molo, nasikia mkibishana ni modi gani ya sauti ya kidijitali inayofaa kwenye mawimbi mafupi. Ubishi wenu sina neno nao, ila mmeuanzia katikati. Modi bora ni ile itakayomfikishia mwenzako maneno saa hiyo hiyo, kwa redio aliyo nayo. Mengine ni mbwembwe.

Leseni ichukueni kwanza kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, mpewe jina la kituo linaloanza na 5Z4. Kisha anzeni na SSB, sauti ya kawaida isiyo ya kidijitali, inayochukua upana wa kilohezi 2.5 hivi. Tundikeni waya wa mita 20 kati ya mikaratusi miwili, kebo iungwe katikati yake, na mchana muongee na Kisumu au Nairobi kwenye bendi ya mita 40. Radi za masika zikilia juu ya Mau, SSB itakwaruza, lakini sikio lililozoea litaokota jina la kituo na maneno mawili matatu. Hakuna programu ya kuwapa sikio hilo.

Sikio likishakomaa, ingieni FreeDV, sauti ya kidijitali ya mawimbi mafupi. Programu yake ni ya bure, na Codec 2 inayobana sauti ndani yake, kazi ya David Rowe wa Australia, iko wazi kwa yeyote kuichunguza na kuirekebisha. Humo kila ndege huruka kwa ubawa wake. Modi yake ya zamani, 1600, hutaka mawimbi yenye nguvu. 700D hutumia chini ya nusu ya upana wa SSB na husikika hata kelele zikiyazidi mawimbi. Ila sauti yake ni ya mtu aliye ndani ya pipa, na huchelewa kushika. 700E huvumilia mawimbi yanayofifia na kurudi kwa kasi, jambo la kawaida kwetu karibu na ikweta jua likishatua. RADE, iliyotoka 2024, hutengeneza sauti kwa akili mnemba, nayo ni nyororo kuliko SSB. Lakini andaeni kompyuta yenye nguvu kiasi.

Modi hizi zote za FreeDV zina tabia moja: mawimbi yakishuka chini ya kiwango chao, maneno hukatika ghafla, hupati hata nusu sentensi.

D-STAR, modi ya sauti ya kidijitali ya Wajapani, msiinunulie redio ghali kwa kazi hii. Makazi yake hasa ni VHF na UHF, si mawimbi mafupi, na kodeki yake ya AMBE ina mwenyewe. Huwezi kuifungua ukajifunza.

Mkirusha kidijitali, zimeni kitufe cha kukandamiza sauti ya maikrofoni na mpunguze nguvu. Itazameni sindano ya ALC, kidhibiti kiwango cha redio: itikisike kidogo tu. Ikiruka ruka, mawimbi yenu yanachafuka, na anayeongea pembeni yenu ndiye anayeumia.

Mgeni mwiteni kwa SSB. Mkishasikizana, muulizeni kama ana FreeDV, mpatane modi, na mpatane pia kurudi SSB maneno yakikatika. Akisema hana, bakini naye hapo hapo muongee. Huyo ndiye mliyemfungulia redio.