Mkimbiaji wa Mbele Anapowaachia Wengine Njia

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu, Tanzania, aliamua kutomsubiri mtu. Mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola zilipoanza, Filbert Bayi alichomoka, na kufikia mita 800 alikuwa amewaacha wenzake karibu mita 20. Enzi zile wakimbiaji wengi wa mbio hizo walijibana kundini, wakitunza nguvu za mzunguko wa mwisho. Yeye aliongoza tangu mwanzo. John Walker, mwenyeji, alimfukuza hadi karibu na utepe lakini hakumpata. Saa ilisoma dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Kama rekodi ya michezo hiyo ilidumu miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham mwaka 2022.

Mtu aliyejijengea jina kwa miguu yake mwenyewe hupata kazi ngumu siku anapotakiwa kuongoza. Bayi aliipata. Alianzisha shule, akaanzisha taasisi yenye jina lake huko Mkuza, Kibaha, na kwa miaka mingi akawa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kazi hizo hazina utepe wa kuukata kwa kifua. Shule inataka mwalimu alipwe kwa wakati, mpishi apate mahitaji mapema, mhasibu afunge hesabu. Kamati ya Olimpiki inataka vikao, barua na safari za timu, na mwisho wa yote anayeingia uwanjani ni mtu mwingine. Aliyekuwa akijipima kwa sekunde anaanza kupimwa kwa kazi za watu ambao pengine hata hajawafundisha yeye.

Mageuzi kama hayo, kwa kiwango kidogo, yanamngoja kila mwenye jimu katika mji kama Karatu. Jimu ya mji mdogo kwa kawaida huanza na mtu mmoja apendaye mazoezi: chumba cha kupanga, vyuma vichache, spika moja. Alfajiri yeye ndiye anayefungua mlango. Yeye anaongoza aerobiki, yeye anakaza nati ya benchi iliyolegea, yeye anaandika kwenye daftari nani kalipa ya wiki na nani kasema, "Kesho, kocha." Jioni anarudia yote hayo, kisha anadeki.

Juhudi hiyo inastahili heshima, maana bila hiyo jimu isingekuwapo. Tatizo ni kwamba anayehesabu "nane, saba, sita" saa 12 asubuhi hapati utulivu wa kuutazama mwaka mzima, na mwaka wa Karatu una sura mbili. Juni hadi Oktoba magari ya watalii yanapita mjini kuelekea lango la Ngorongoro, na madereva na wahudumu wa hoteli wana fedha lakini hawana muda. Masika ya Aprili na Mei wageni hupungua. Vijana wale wale wana muda tele na mifuko mitupu. Ada moja isiyobadilika haiwezi kuwafaa watu hao katika misimu yote miwili. Pengine kuna hoteli ambayo ingekubali kuwalipia wafanyakazi wake kwa mkupuo. Lakini nani ataenda kuzungumza na meneja wake, ikiwa kocha pekee amesimama mbele ya darasa?

Wengi huanza kwa kukabidhi ufagio na kubaki na maikrofoni. Ingefaa iwe kinyume. Darasa analolipenda zaidi ndilo la kumwachia kocha wa pili mapema, na siku hiyo mwenye jimu asikae hata nyuma ya chumba, kwa sababu wateja watakuwa wakigeuka kumtazama yeye. Darasa litapwaya wiki za mwanzo. Wapo watakaolalamika, na wachache wataondoka. Hilo linauma kwelikweli, hasa kwa mtu anayemjua kila mteja kwa jina na kwa goti lake bovu. Lakini kocha mpya naye anahitaji nafasi ya kujuana na watu wake.

Hofu ya fedha si ya kupuuzwa pia. Ndiyo maana ni vyema malipo yapitie lipa namba ya biashara, bei ibandikwe ukutani, na daftari likaguliwe siku inayojulikana na wote. Hapo hakuna anayeshukiwa. Na kocha aliyeongezewa saa bila kuongezewa mshahara, asiyeruhusiwa hata kununua nati bila kupiga simu, bado hajakabidhiwa kitu.

Moscow, mwaka 1980, Bayi aliongoza tena mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mbele kabisa, peke yake. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Ile medali yake ya fedha, pamoja na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, ndizo medali ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki, na ni fahari isiyopungua. Hata hivyo, aliyezitazama mbio zile aliona pia gharama ya kubeba mwendo wote bila msaidizi.

Kuongoza hakumaanishi kuhama uwanjani. Taasisi ya Bayi imekuwa ikiandaa tamasha la michezo Karatu kila Desemba, na vijana wa nyumbani kwao wakapata mashindano ya kukimbilia. Mwenye jimu naye abaki akifanya mazoezi mle ndani, akilowa jasho pamoja na wateja, chini ya maelekezo ya kocha aliyemwajiri.

Na siku akiwa na akiba inayotosha jambo moja tu, mashine mpya ya kukimbilia au kozi ya kocha wa pili huko Arusha, mashine isubiri. Karatu ina barabara inayopanda hadi lango la Ngorongoro, na kuikimbilia ni bure.