Paka wa Nyumbani na Ujira Wake

Katika nyanda zetu za juu, kuanzia Kilolo na Mufindi hadi Rungwe na Mbozi, mahindi yakishavunwa na kuwekwa kihengeni au darini, panya nao huanza mavuno yao. Hutoboa magunia, hula, na wasichokula hukichafua kwa mkojo na mavi. Ndiyo maana familia nyingi hufuga paka. Lakini yafaa Mkristo ajiulize: mfugaji ana deni gani kwa paka wake?

Wengi hujibu kwamba hana deni. Husema, "Paka akishiba hakamati panya, mwache njaa imfundishe kazi." Jibu hili lina makosa mawili.

Kwanza, si kweli. Paka huwinda kwa silika aliyoumbiwa, hata akiwa ameshiba. Anayeshinda na njaa huenda kwa jirani, hufunua vyungu na kuiba vifaranga, kisha hupigwa kwa kosa lililoanzishwa na mwenye paka.

Pili, hata kama ingekuwa kweli, isingekuwa haki. Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka, na katika 1 Timotheo 5:18 amri hiyo inatumika kutetea ujira wa mtenda kazi. Mtu atasema ng'ombe ametajwa, paka hakutajwa. Naam, vitabu 66 vya Biblia havimtaji paka wa nyumbani. Yumo katika Barua ya Yeremia, miongoni mwa vitabu vya Apokrifa. Lakini Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyomjali mnyama wake, bila kutaja ni mnyama wa aina gani.

Tuhesabu basi gharama. Paka hawezi kuwa na afya kwa ugali mtupu. Mwili wake unahitaji nyama au samaki, japo usipa kidogo wa Ziwa Nyasa. Anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa maana paka naye huugua na kuambukiza, na dalili zikishamtokea mtu, karibu daima hufa. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 2 hivi, huzaa watoto kadhaa, na aweza kuzaa tena mwaka huo huo. Kuwatia guniani na kuwatupa mtoni au sokoni ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa wanyama. Tena, mwenye paka asitege sumu ya panya ovyo, kwa kuwa paka akila panya mwenye sumu aweza kufa naye.

Hapo mzazi atauliza, "Watoto wangu hawana madaftari, nawe waniambia habari za chakula cha paka?" Swali hili ni zito, wala tusilidharau. Mtoto hutangulia. Lakini paka hakujileta. Tulimchukua kwa faida yetu. Anayelinda gunia la mahindi hashindani na mtoto, bali anamlindia mtoto chakula. Na asiyeweza kumlisha hakosi akiacha kufuga. Ajenge kihenge juu ya nguzo, azivishe nguzo vipande vya bati ili panya wasipande, na asafishe mazingira yake. Kutofuga ni bora kuliko kufuga na kutesa.

Mtihani mkubwa huja paka anapozeeka. Meno yamekwisha, mchana kutwa amelala jikoni karibu na majivu kwa baridi ya Juni na Julai, na panya wanapita mbele yake. Je, deni limekwisha? Kama alikuwa chombo tu, limekwisha. Kama alikuwa kiumbe cha Mungu kilichotutumikia, bado lipo, nalo ni dogo: mabaki ya samaki na mahali pa kulala.

Wahenga walisema, paka wa nyumba haingwa. Watoto wetu hutazama. Wakiona aliyetumika anafukuzwa siku nguvu zake zilipokwisha, watajifunza somo hilo bila kufundishwa, na siku moja watalitumia kwetu sisi wazee. Tuwafundishe somo lililo bora.