Anayeamrisha Ndiye Mwajiri

Nasaha yangu leo naianza kwa mwenye kampuni, kwa sababu yeye ndiye anayeandaa mkataba. Dereva huletewa karatasi imeshachapwa, akaonyeshwa pa kutia sahihi. Ndugu yangu tajiri, kama wewe ndiye unayempangia dereva saa ya kuripoti, mitaa ya kupita, sare ya kuvaa na malipo ya kila kifurushi, huyo ni mfanyakazi wako. Ukimwandika mkandarasi wa kujitegemea ili akiugua usihusike, akipata ajali usiulizwe, na mafuta ayanunue kutoka mfukoni mwake, umemdhulumu, hata kama wakili wako amekuhakikishia kwamba karatasi imekaa sawa.

Jambo hili limekwisha kupimwa mahakamani huko Marekani, tena kwa kampuni kubwa. FedEx Ground ni tawi la FedEx linalosafirisha vifurushi kwa barabara. Chimbuko lake ni kampuni iliyoitwa RPS, iliyoanzishwa mwaka 1985 na kununuliwa na FedEx mwaka 1998, na tangu mwanzo utaratibu wake ulikuwa kwamba madereva wahesabiwe kuwa wafanyabiashara wadogo wanaojitegemea. Katika jimbo la California peke yake, madereva wapatao 2,300 waliofanya kazi kwa utaratibu huo kati ya mwaka 2000 na 2007 waliunganishwa katika kesi moja. Walidai kwamba wao ni waajiriwa.

Tazama sasa uhuru wenyewe ulivyokuwa. Gari alilitafuta dereva, akalinunua au akalikodi. Mafuta yake, bima yake, matengenezo yake, matairi yake. Lakini gari hilo lilipaswa kupakwa rangi nyeupe ya aina iliyotajwa na kampuni, libandikwe nembo ya kampuni, na ndani liwe na rafu za vipimo walivyovitaka wao. Dereva mwenyewe alivaa sare iliyochaguliwa hadi viatu na soksi. Nywele zake na usafi wa mwili wake viliandikiwa kanuni. Wingi wa kazi ulipangwa ili ujaze kati ya saa 9.5 na saa 11 kila siku ya kazi. Meneja aliruhusiwa kupanda naye gari mara nne kwa mwaka ili kumkagua. Gharama za sare na za kifaa cha kusomea vifurushi zilikatwa kwenye malipo yake.

Kampuni ilijitetea kwamba dereva ana nafasi ya kukuza biashara yake: anaweza kuongeza magari, kuchukua njia zaidi na kuajiri wasaidizi. Nafasi hiyo ilikuwapo kweli, ila ilihitaji kibali cha kampuni. Mtu anayeomba ruhusa ya bosi ili apanue biashara yake bado yuko chini ya bosi.

Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilitoa hukumu tarehe 27 Agosti 2014: madereva wale walikuwa waajiriwa kwa sheria ya California. Jaji Stephen Trott aliandika maoni yake ya kuunga mkono, na humo akakumbusha swali linalosimuliwa kuwa aliliuliza Abraham Lincoln: ukiuita mkia wa mbwa mguu, mbwa atakuwa na miguu mingapi? Minne, kwa sababu kuuita mkia mguu hakuufanyi kuwa mguu. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 228 kuimaliza kesi ya California. Mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 240 kwa madereva karibu 12,000 wa majimbo mengine 20.

Fedha hizo zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke zilitoka wapi. Marekani mwajiri huchangia asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, na mfanyakazi anakatwa kiasi hichohicho. Anayejitegemea hubeba pande zote mbili, asilimia 15.3. Hana bima ya ukosefu wa kazi. Akiteguka mgongo akishusha sanduku, fidia ya kuumia kazini haimhusu. Gari likifa, yeye ndiye anayelala macho akiwaza fundi. Mzigo wa kawaida wa mwenye biashara umehamishiwa kwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo ule, nao umehamishwa kimyakimya, kwa lugha ya kumpongeza kwamba sasa amekuwa bosi wa nafsi yake. Hapo ndipo dhuluma inapouma zaidi. Kumpunja mtu ni kosa. Kumpunja huku ukimsifu kwamba amepanda cheo ni kosa na udanganyifu juu yake.

Wapo wanaojitegemea kweli, na tusiwachanganye na hawa. Mtu wa Kariakoo mwenye pikapu yake, anayepatana bei na kila mteja, akiona safari haimlipi anaikataa, leo kabeba mabati na kesho vyombo vya mtu anayehama, huyo ni mfanyabiashara kamili. Hakuna haja ya kumlazimisha awe mwajiriwa wa mtu. Wapo pia madereva wanaoupenda uhuru wa saa na hawataki kubanwa, nao wana haki yao. Swali ni nani anayeamua. Kama bei, njia, saa na adhabu vinaamuliwa na upande mmoja, ule uhuru uko kwenye karatasi tu.

Mahakama Kuu ya California iliweka kipimo kikali zaidi tarehe 30 Aprili 2018, katika kesi ya Dynamex, kampuni ya kupeleka vifurushi iliyokuwa imewaajiri madereva wake, kisha mwaka 2004 ikawageuza wote kuwa wakandarasi. Tangu hukumu hiyo, kampuni ndiyo yenye kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba haimwongozi mtu huyo katika kazi, kwamba kazi yake iko nje ya shughuli ya kawaida ya kampuni, na kwamba ana biashara yake mwenyewe iliyosimama. Mimi lile la pili ndilo linalonikaa moyoni. Kampuni ya vifurushi ikimwita fundi bomba atengeneze choo cha ofisini, fundi yule ni mgeni katika shughuli yao. Lakini anayepeleka vifurushi ndiye shughuli yenyewe. Mtoe yeye, kinabaki nini?

Na asije mtu akasema kwamba kuwaajiri madereva kunaua biashara. UPS, mshindani mkubwa wa FedEx, madereva wake wa sare za kahawia ni waajiriwa, wana chama chao cha Teamsters, wanajadiliana mishahara na mwajiri, na kampuni imebaki miongoni mwa kubwa duniani katika kazi hiyo. Barabara ni zilezile, vifurushi ni vilevile.

Turudi kwetu. Maduka ya mtandaoni yameongezeka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na kila duka linahitaji kijana wa kupeleka mzigo. Tanzania hatukuwa na haja ya kungoja mahakama za California. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwa kwa sura gani, ikiwapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa. Baadhi yake ni hizi: namna ya kufanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, au saa zake zinapangwa naye, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, anamtumikia mtu mmoja tu. Wewe mwenye duka, pitia dalili hizo leo ukiwa na orodha ya vijana wako mkononi. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake, na sababu yake inaeleweka: kijana anaumia akiwa katika shughuli yako.

Kwa mawakili na maafisa rasilimali watu wanaoandika mikataba hii nina neno moja. Mnajua sheria kuliko sisi, na mnajua dereva hataielewa ibara ya tisa. Dini zetu zote zimeonya vikali juu ya ujira wa mfanya kazi, na anayeandaa njia ya kuupunguza ana sehemu yake katika dhambi hiyo, hata kama fedha hazikuingia mfukoni mwake. Mkatalieni tajiri kwa adabu, na mumwonyeshe hesabu ya kesi atakayoilipa baadaye.

Nawe mteja, unapofurahia kuletewa mzigo bure, jua kuna aliyelipia mafuta. Usimfokee kijana kwa foleni ya Ubungo wala usimpe nyota moja kwa sababu ya mvua. Nyota zako katika programu nyingi ndizo zinazoamua kama kesho atapewa kazi.

Mwisho nakugeukia wewe dereva, mwanangu. Usitie sahihi ukiwa umesimama mlangoni na funguo mkononi. Chukua mkataba nyumbani, tafuta mtu akusomee, uliza nani analipa mafuta, bima na tairi, uliza ukiugua wiki mbili itakuwaje. Hifadhi risiti za mafuta, jumbe za meneja anayekupangia njia, na taarifa za makato, maana mbele ya mwamuzi maneno matupu hayasimami. Kama umehamia Marekani na kampuni inakupa fomu 1099, ya wanaojitegemea, badala ya W-2, ya waajiriwa, huku ikikuamuru kila kitu, mamlaka ya kodi ya huko, IRS, ina fomu SS-8 ambayo unaweza kuijaza ukiomba waamue hali yako. Ukiwa Tanzania, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi usikae nyumbani ukisubiri tajiri apoe hasira: lalamiko la kuachishwa linatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 30.